Kitufe cha Kuzima Kinachowasha

Kwa aliyeokota gazeti leo bila kunijua: naitwa Lorna Haapala, mjane, na riziki yangu ni kutandaza muziki ndani ya nyumba za watu. Spika darini, nyaya ndani ya kuta, kibao cha vitufe katika kila chumba. Ukibonyeza jikoni, redio inaimba jikoni. Ukibonyeza chumbani, inakufuata chumbani.

Mume wangu Vern alizama ziwani na pikipiki yake ya theluji, barafu ya Machi ilipopasuka. Keekee yake ya kutobolea barafu na kupima unene wake ilikutwa ndani ya gari la kazi, kavu. Vern hakuwa mtu wa kupita juu ya barafu ambayo haijapimwa. Jambo hilo nimeliandika mara nyingi na sina jibu lake.

Aliniachia kampuni, gari la kazi, na mdogo wake Garth. Kampuni hiyo Garth aliitaka. Nilimwambia tufanye kazi pamoja, lakini jina litabaki langu. Alicheka, akasema, "Sawa, shemeji."

Wiki iliyopita niliwaacha simu ikiwa sikioni. Aliyepiga ni Sylvi Kangas, aliyenifundisha hesabu sekondari na ambaye nyumba yake niliifungia spika mwenyewe. Hakunisalimu. Alisema, "Lorna, nani anakulipa uuze maneno ya nyumbani kwangu?"

Nilijibu, "Nakuja, mwalimu." Nikakata simu, nikachukua begi la vifaa.

Nilipofika kwenye gari nilimkuta Garth ameshakaa, amefunga mkanda.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Kangas. Si ndiko tunakoenda?"

"Nani amekuambia?"

"Umesema 'nakuja, mwalimu' hadi vyombo vimetikisika. Una mwalimu mwingine mji huu?"

Jibu lilikuwa sawa. Tatizo la majibu ya Garth ni hilo: huwa sawa siku zote, na huja upesi kuliko swali.

Tulipita migodi ya chuma, tukaingia barabara ya ziwani. Garth alikuwa akitafuna jerky, nyama kavu ya kulungu, na kutazama dirishani.

"Shemeji, nikushauri?"

"Shauri."

"Ukifika, omba radhi. Mapema. Kabla hajakaa sawasawa."

"Radhi ya nini?"

"Yoyote. Wazee wanapenda kuombwa radhi. Unasema mtambo ulikosea, tumesikitika, tunaung'oa bure. Yanaisha."

"Nikiomba radhi nimekiri."

"Umekiri kwa bibi mmoja."

"Bibi mmoja anayemimina kahawa kanisani kila Jumapili," nilisema. "Nitaomba radhi nikishajua kosa ni lipi."

Akatafuna.

Msomaji aelewe kilichokuwa mezani. Kazi yangu haifanyiki mlangoni. Watu hunipa namba za siri za milango yao wakaenda Arizona kukimbia baridi, nikabaki peke yangu na kuta zao. Sina dhamana nyingine zaidi ya jina. Sylvi akitamka sentensi moja tu kwenye kahawa ya baada ya ibada, ikifika Jumatatu sina mteja kuanzia hapa hadi mpakani mwa Kanada.

Tulivua viatu mlangoni. Duane, mumewe Sylvi, alitupokea kwa kicheko chake kipana.

"Lorna! Garth! Ingieni, baridi hii itawaua. Sylvi amepandwa na jazba kidogo, msimjali."

"Sijapandwa na chochote," sauti ilitoka jikoni. "Nimekaa."

Alikuwa amekaa kweli, mgongo wima, kama anasimamia mtihani. Kando yake alikuwa mama yake, bibi Hilja, mwenye umri wa miaka tisini na ushei, anafuma soksi bila kuzitazama. Mezani palikuwa na mkate wa pulla unaonukia iliki, na birika la kahawa.

Hakunimiminia.

Asiyejua watu wetu anaweza kuliona hilo dogo. Huku kwetu hata mtoza kodi humiminiwa kahawa. Kumkalisha mgeni mbele ya birika la moto na kikombe kitupu ni hukumu, na hukumu yenyewe imeshasomwa.

"Mwalimu," nilisema, "nieleze tangu mwanzo."

"Jumamosi iliyopita nilikuwa sauna na mama. Zamu ya wanawake. Tulipotoka kwenye mvuke tukakaa chumba cha nguo, nikamwambia kwamba ufuko wa baba siuuzi. Nauandikisha kwa jina la dada yangu Impi, na wiki ijayo nasaini. Nilimwambia mama tu. Jumanne yule mtu wa hoteli anayeutaka ufuko akanipigia, akasema, 'Nasikia unampa dada yako. Mumeo hajaridhia, tutaonana mahakamani.'"

"Labda bibi Hilja alimwambia mtu," Garth alisema kwa upole.

Hilja aliinua kichwa. "Anasema nini huyu mwenye masharubu?"

"Anasema labda ulimwambia mtu, mama!" Sylvi alipaza sauti.

"Nimwambie nani? Simu ninayo lakini siisikii. Mbwa naye alikufa."

"Unaona?" Sylvi alinigeukia. "Na yanayosemwa sauna hayatoki sauna. Hata baba, aliyekuwa na mdomo kama lango la zizi, hilo alilitunza. Lakini mle ndani kuna maiki. Na maiki hiyo umeiweka wewe."

Ni kweli niliiweka. Yeye ndiye aliyeitaka, ili mama yake akiteleza kwenye chumba cha nguo asikike jikoni. Ina swichi yake ukutani humu jikoni. Sylvi huiwasha mama yake anapokwenda sauna na mjukuu. Anapokwenda naye yeye mwenyewe, haiwashi.

"Jumamosi hiyo uliiwasha?"

"Sikuiwasha."

"Una hakika?"

"Lorna. Mimi ndiye niliyekufundisha neno hilo."

Duane alikohoa. "Wapenzi, mitambo ni mitambo. Huenda ilijiwasha. Si huwa inajiwasha, Garth?"

"Hutokea," Garth alisema.

"Haitokei," nilisema. "Chombo hakijipi amri. Kuna aliyekiamuru."

Duane akacheka peke yake, akaacha.

"Na mimi nilijiuliza nani," Sylvi aliendelea. "Nikajiuliza nani anafaidika. Mtu wa hoteli anataka ufuko. Na nani amepewa kazi ya kufunga spika katika hoteli yake mpya, vyumba vyote, ukumbi na baa?"

"Nani?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nani?"

"Haapala na Mkewe," alisema. Hilo ndilo jina la kampuni yangu, Vern aliliandika mwenyewe ubavuni mwa gari.

Nilimgeukia Garth polepole. Alikuwa anatabasamu, mikono imeinuka kama mtu aliyekamatwa akiiba keki.

"Nilitaka iwe zawadi, shemeji. Nikushtukize siku yako ya kuzaliwa."

"Umesaini kwa jina langu?"

"Kwa jina la kampuni."

"Kampuni ni mimi."

"Ndiyo maana nikasema zawadi."

Hasira haipimiki, kwa hiyo niliiweka kando. Vya kupimika vilikuwepo. Niliinuka, nikaenda kwenye kabati lililo chini ya ngazi, zinakokaa mashine zote za nyumba, nikachomoa waya wa maiki ya sauna. Nikarudi nao mkononi ili kila mtu auone.

"Kuanzia sasa kule hakuna anayesikilizwa. Waya huu hapa."

"Safi!" Duane alipiga kofi moja. "Umeona, mke wangu? Kwisha. Leo Jumamosi, sauna haijawashwa. Garth, njoo unisaidie kuni. Hawa wakiongea mambo ya nyaya mimi kichwa kinauma."

"Kuni mbili za mti wa birch na moto umewaka," Sylvi alisema. "Tangu lini unahitaji msaidizi?"

"Mgongo, mpenzi. Mgongo."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Dirishani niliwaona wakikata theluji kuelekea kwenye kibanda cha sauna, Duane mbele, Garth nyuma. Mwenye mgongo mbovu ndiye aliyebeba kuni.

Sylvi aliusogeza mkate wa pulla pembeni, meza ikabaki wazi mbele yangu.

"Haya. Darasani kwangu jibu bila njia lilipata nini?"

"Sifuri."

"Basi nionyeshe njia."

Nilifungua kompyuta yangu, nikaiunganisha na kisanduku ambacho mafundi tunakiita ubongo. Nilimweleza kama alivyokuwa akitueleza sisi, taratibu na bila mapambo.

Rimoti huongea kwa mwanga ambao jicho halioni. Hupepesa, na chombo kilicho mbele yake husoma mpepeso huo. Ubongo wa nyumba nao tunaufundisha mipepeso hiyo. Unaiweka rimoti uso kwa uso na ubongo, unabonyeza, nao unaiga. Ukishajua mipepeso yote, unakipa kila kitufe cha ukutani mnyororo wa amri: washa amplifaya, subiri, chagua redio, pandisha sauti. Vijicho vidogo vilivyobandikwa mbele ya kila chombo ndivyo vinavyopepesa badala ya rimoti.

"Kwa hiyo kitufe hakina akili," Sylvi alisema.

"Hakina. Kinatii kilichofundishwa."

"Kama darasa lako."

Hilja alicheka. Hilo alilisikia.

Nilipitia kitufe kimoja kimoja. Jikoni, sawa. Sebuleni, sawa. Vyumbani, sawa. Nikafika karakana, kile chumba kilichoungana na nyumba ambako Duane hunoa misumeno na kuchonga vyambo vya samaki. Kitufe cha Zima. Mimi nilikifundisha kuzima muziki na kulaza amplifaya, basi.

Mnyororo haukuishia hapo. Baada ya kuzima, kulikuwa na subira fupi. Kisha amplifaya ikaamshwa tena, sauti ya chini. Kisha amri ya mwisho, iliyoelekezwa kwa mashine ya maiki: fungua sauna, peleka karakana.

Sylvi alisoma kioo, kisha akasoma tena.

"Kwa hiyo mtu akiwa karakana akibonyeza Zima..."

"Muziki unakufa. Aliye nje ya karakana anadhani kimya kimeingia. Kule ndani spika inafunguka, na chumba cha nguo kinasikika."

"Duane hukaa karakana zamu yetu ikifika," alisema. "Kila Jumamosi. Huzima muziki. Nilidhani anaheshimu sauna."

Hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Lakini Duane hajui kufundisha kitu hiki," alisema. "Saa ya jiko la umeme inamshinda. Nani alikifundisha?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Amri iliyofundishwa hubeba dalili za mwalimu wake, kama mtoto aliyejifunza wimbo kwa jirani mwenye kigugumizi: maneno ni yaleyale, lakini kigugumizi kinakuja nayo. Nilimwomba rimoti halisi ya mashine ya maiki, ile iliyokuja na boksi lake. Aliitoa kwenye droo ya jikoni, bado ina karatasi yake ya nailoni.

"Haijatoka humu tangu ufunge mtambo," alisema. "Droo hii inafunguliwa na mimi."

Niliiweka uso kwa uso na ubongo, nikabonyeza, nikalinganisha michoro miwili kwenye kioo. Amri ilikuwa ileile. Mapigo hayakuwa yaleyale. Ya halisi yalikuwa yamenyooka. Yaliyokuwa kwenye mnyororo yalikuwa yamebanana, kasi yake imepanda kidogo, na mwisho wa kila kundi kuna mkia.

"Hii haikufundishwa na rimoti halisi," nilisema. "Ilifundishwa na rimoti ya kuiga, iliyokuwa imeiga kwa halisi. Nakala ya nakala."

"Kama mitihani ya kuibiwa," Sylvi alisema. "Nilikuwa nawajua wezi kwa makosa yanayofanana."

"Ndivyo hasa."

"Sisi tunayo rimoti moja ya kuiga. Iko kwenye kiti cha Duane."

Aliileta mwenyewe, ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Niliijaribu. Mapigo yake yalikuwa mazito, kasi imeshuka. Hayakufanana hata kidogo. Sylvi alishusha pumzi.

"Kumbe si Duane."

"Si rimoti ya Duane," nilisema. "Duane mwenyewe bado."

"Una moyo wa jiwe, Lorna."

"Uliniambia nisiandike zaidi ya ninachoweza kuthibitisha."

Alinyoosha kidole kwenye begi langu lililokuwa sakafuni.

"Na ile?"

"Ipi?"

"Hiyo nyeusi, yenye mkanda wa buluu. Si nayo ni ya kuiga?"

Ilikuwa rimoti yangu ya kufundishia. Ina nakala za kila chombo tulichowahi kufunga mjini. Sikuwa nimewaza kuijaribu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni aibu kwa mtu wa fani yangu: nilipima kila kitu mezani isipokuwa nilichokuja nacho.

Niliiweka mbele ya ubongo. Nilibonyeza. Mchoro ukajichora.

Kasi ileile. Mbanano uleule. Mkia uleule mwisho wa kila kundi.

Niliirudia, maana jambo moja likitokea mara moja si ushahidi. Likatokea tena.

Njia yangu ya kurudi ilikuwa wazi. Sylvi hawezi kusoma michoro ile. Ningesema haifanani, ningefunga kompyuta, ningelala na jina langu. Kichwani nilimsikia Garth: bibi mmoja.

"Inafanana," nilisema. "Amri hii imefundishwa na rimoti yangu."

Hilja aliacha kufuma.

"Ni wewe?" Sylvi aliuliza.

"Ni rimoti yangu. Mkono sio wangu, lakini hilo siwezi kukuonyesha. Naweza kulisema tu."

"Na ukilisema tu linapata nini?"

"Sifuri."

Sylvi aliinuka. Nilidhani anakwenda kwenye simu. Alichukua birika, akanimiminia kahawa hadi ukingoni, akanikatia pulla kipande kinene.

"Kunywa," alisema. "Muongo angeishia kwenye rimoti ya Duane. Sasa tutafute mkono. Begi hili halijawahi kutoka mikononi mwako?"

"Halitoki."

"Kamwe?"

Nilifikiri. Halitoki, isipokuwa wiki ya kuwinda kulungu. Novemba niliingia msituni na baba yangu, kama kila mwaka, na begi nikaliacha ofisini. Mji mzima ulikuwa msituni. Garth hakwenda. Alisema mgongo unamuuma.

Nilikumbuka kingine. Wiki hiyohiyo alihamisha kabati la vitabu la Vern kutoka ghorofani, peke yake. Niliporudi nilimshukuru.

"Duane naye alirudi mapema kutoka msituni," Sylvi alisema polepole. "Alisema baridi imembana kifua. Mimi nilikuwa kwa Impi. Nyumbani alibaki mama tu."

Tulimgeukia Hilja sote wawili.

"Mama!" Sylvi alipaza sauti. "Wiki ya kulungu, kuna mtu alikuja hapa?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote!"

"Si ni yule mwenye masharubu," Hilja alisema, akirudi kwenye soksi yake. "Alikaa kwenye kabati la ngazi mchana kutwa. Akamaliza pulla yangu yote. Nilishangaa sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba mwanamume mzima yuko ndani ya nyumba na kulungu wapo msituni? Niliona aibu kwa niaba ya mama yake."

Huku kwetu mwanamume asiyekwenda msituni wiki ile ama ni mgonjwa ama ana jambo. Mimi niliyepima kila kitu nilisahau kipimo hicho ambacho kila mtoto wa hapa anacho. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi wa jina langu alikaa kiti cha mbele cha gari langu, akitafuna jerky.

"Bado ni dhana," Sylvi alisema. Ualimu haumtoki mtu. "Mama hasikii, na Garth atasema alikuja kubadilisha betri. Duane atasema hajui kitufe kinafanya nini. Nataka kuona kikifanya. Kwa macho yangu."

"Kwa masikio yako," nilisema.

Niliurudisha waya wa maiki mahali pake, chini ya ngazi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya jaribio, na sikuwaza zaidi ya jaribio. Naapa kwa hilo. Nilitarajia tusikie kuni zikipasuka ndani ya jiko la sauna, upepo labda, mlango. Ingetosha.

Tuliingia karakana watatu. Hilja alikataa kubaki. Alikuja na soksi yake, akaketi kwenye kiti cha Duane kati ya vyambo vya samaki na misumeno, akakisifu kwamba kina joto.

Redio ilikuwa ikiimba polka. Dirisha la karakana hutazama sauna. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda, mweupe, umenyooka. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Bonyeza wewe, mwalimu," nilisema. "Usije ukasema nimefanya mazingaombwe."

Sylvi alibonyeza Zima.

Polka ikakatika. Taa ya kijani kwenye kibao ikafa. Kimya. Nilianza kudhani mnyororo umekatika mahali.

Kisha taa ikawaka.

Spika ilipumua, kama inavyopumua laini ya maiki ikifunguka. Mlio wa chuma: mlango wa jiko la kuni. Halafu sauti ya Duane, karibu kana kwamba anaongea kutoka kwenye rafu ya misumeno.

"...uliniambia hatagundua."

"Sikusema hivyo." Huyu alikuwa Garth, mtulivu. "Nilisema atagundua. Lorna anagundua kila kitu. Nilichosema ni kwamba akifika mwisho atajikuta mwenyewe. Hapo atanyamaza. Au hatanyamaza, na mkeo atamtangaza kanisani. Kwa vyovyote kampuni inarudi kwa Haapala wa damu."

"Na mimi?"

"Ufuko ukiuzwa, wewe una fungu lako. Mtu wa hoteli anamalizana nawe. Tulia, Duane."

Sylvi alikuwa amesimama wima. Uso wake haukubadilika. Mkono wake mmoja tu ulikuwa umeshika ukingo wa benchi.

Kuni iliwekwa motoni. Duane akakohoa, kikohozi kilekile cha jikoni.

"Usiniambie nitulie. Unasema hivyohivyo kila mara. Hata Vern ulimwambia atulie."

"Nyamaza."

"Ulimwambia barafu umeshaipima, asihangaike na keekee. Nilikuwepo, Garth. Nilikusikia."

Niliitazama ile taa ya kibao. Ilikuwa ya kijani, haichezi. Nakumbuka nilihakikisha hilo kwanza: kwamba haichezi, kwamba laini ni safi, kwamba nilichosikia ndicho kilichosemwa.

Hilja aliinua kichwa kutoka kwenye soksi.

"Wanasema nini?" Hilja aliuliza.

Sylvi alinyoosha mkono kwenye kibao. Nilidhani anazima.

"Mama hasikii vizuri," alisema, akaongeza sauti.